Moto wa Vahwere

Mwaka 1978 nilipanga chumba mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, Zaire, kwa mama mmoja aitwaye Kaswera. Mumewe alichimba dhahabu huko Bambu na alionekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Kaswera mwenyewe alikuwa akishuka Kasenyi, ziwani, kwa lori kununua samaki wa chumvi, siku mbili kila juma, na kuwaachia watoto wake watatu nyumba.

Wenyeji wa mtaa walimwona ana kichaa kidogo, maana kila mtoto alikuwa na kazi yake ya nyumba. Mumbere, miaka tisa, alikuwa mwenye maji. Katsuva, miaka saba, mwenye kuku. Vahwere, miaka mitano na meno mawili pungufu, mwenye moto: kila usiku alifukia makaa ndani ya majivu kati ya mafiga, na asubuhi aliyafukua na kuyapuliza. Moto wa nyumba ile ulikuwa haujazimika tangu Pasaka, na Vahwere alihakikisha kila mgeni anaarifiwa.

Sheria ilikuwa moja. Aliyeharibu kitu alimwambia mama mlangoni, kabla mama hajatua mzigo, kisha akatengeneza mwenyewe. Hakupigwa. Mumbere aliwahi kuvunja mtungi na kumsingizia mbuzi, na kwa kuwa nyumba haikuwa na mbuzi, ndugu zake walimwomba kwa juma zima awaonyeshe mahali anapomfugia.

Basi mwezi wa Agosti akafika Shangazi Angèle kutoka Butembo, dada mkubwa wa baba yao. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini yeye aliwaambia wote kwamba Mungu hakuletewa hiyo barua. Alikuja na neno zito: kwake nyumba inatunzwa na watu wakubwa, na kama angekuta watoto wanateseka, angemchukua Vahwere akamlee Butembo. Baba yao alikuwa amekubali. Uamuzi ulikuwa mkononi mwa Angèle.

Na lori la Kasenyi halikungoja mgeni. Kaswera alipanda akiwa na uso wa mtu anayeacha kitu juu ya meza ya jirani. Alimwomba wifi yake jambo moja tu, asiwafanyie watoto kazi zao. Angèle aliitikia kwa mdomo.

Siku ya kwanza alimnyang'anya Mumbere dumu la maji, akalibeba mwenyewe. Katsuva alipomkuta anawamwagia kuku mahindi alilalamika kwamba walikuwa wamekwisha kula, na sasa hawatamtii tena. Angèle alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya pili aliamka kabla ya wote. Akaona jiko limejaa majivu kama nyumba isiyo na mwanamke. Alizoa yote, akayamwaga chini ya migomba, akayanyunyizia maji vumbi lisiruke, na kufagia mafiga mpaka yakang'aa.

Mimi nilikuwa kibarazani nikinyoa ndevu wakati Vahwere alipotoka. Alichuchumaa, akatia kidole katikati ya mafiga. Baridi. Akamwuliza shangazi yake moto uko wapi. Angèle, mke wa shemasi, alijibu kwamba labda ulizimika wenyewe.

Mtoto alitazama ufagio uliolowa. Alichukua kigae cha chungu aende kuomba kaa la moto kwa jirani, na alipofika mlangoni akakutana na mama yake, kapu kichwani. Lori lilikuwa limepanda kutoka Kasenyi mapema.

“Mama, moto imezimika,” alisema. “Ni miye. Sikumuonyesha Shangazi fasi nafichaka makaa.”

Kaswera hakutua kapu. Alimwangalia binti yake, kisha mafiga yaliyong'aa, kisha wifi yake. Angèle aliangalia migomba kwa muda mrefu kuliko migomba inavyostahili.

“Mutoto anasema uongo,” akasema mwishowe. “Ni miye niliutupa.”

Vahwere akamnyooshea shangazi yake kigae.

Kaswera alishtuka. Wifi yake angeweza kumchukua mtoto kesho yake asubuhi, na hakuna mtu angemzuia. Alitaka kukipokea kigae yeye, aende mwenyewe.

“Mama, weye haukuzima,” Vahwere akamwambia.

Angèle alikichukua. Akaenda na kitenge chake cha Jumapili, mtoto akimtangulia kama askari aliyemkamata mwizi wa kuku. Nami, nasikitika kusema, nikawafuata na sabuni shavuni. Kwa jirani wa kwanza moto ulikuwa bado haujawashwa. Alipouliza kulikoni, Angèle alisema wamepata shida kidogo nyumbani. Vahwere akakohoa. Kwa jirani wa pili, mzee ambaye naye hakuwa na moto, Angèle alisema kuna mtu alifagia. Vahwere akakohoa tena.

Kwenye nyumba ya tatu Angèle hakungoja kuulizwa.

“Nilizima moto ya huyu mutoto,” alisema. “Munisaidie kaa moja.”

Walirudi, na Angèle akapiga magoti kupuliza, majivu yakamjaa nyusi. Vahwere alimwelekeza apunguze pumzi.

Jumamosi lori la Butembo lilipopiga honi, sanduku lililotoka lilikuwa moja. Kaswera alilibeba bila kuuliza, maana aliogopa jibu. Ni Angèle aliyesema, akiwa amekwisha panda.

“Mutoto abaki. Kule kwangu tuko watu munane, na hakuna mwenye kusemaka ‘ni miye’. Nitaanza na muzee wangu, ule shemasi.”