Mwisho Niliomtafsiria Bibi

Muvi za ngumi zina DJ wake. Mzungu anafungua mdomo, inatoka sauti ya jamaa wa Dar anayepiga soga kama yuko kijiweni, na wewe unaelewa kila kitu, hadi visivyokuwemo. Lakini sijawahi kuona DJ anayepoteza mate yake kwa ile picha ambayo mwanamke anatazama dirisha dakika nne, anabandika chai, halafu analia bila kuinywa. Hizo hakuna anayezitafsiri. Na hizo ndizo tulizokuwa tunaangalia sisi, kila Jumapili mchana tukitoka kanisani, sebuleni kwetu hapa Same. DJ nilikuwa mimi.

Aliyetuambukiza ni jirani yetu, msichana ninayesoma naye kidato cha tatu. Yeye akiangalia picha hacheki, hatafuni, na ikiisha lazima kila mtu atoe maoni, utafikiri tuko kwenye kikao cha ukoo. Flash ni yake. Mwingine ni rafiki yangu ambaye kwao ni wafugaji, huko tambarare upande wa Makanya. Amepanga chumba mtaa wa nyuma awe karibu na shule. Huyo maoni yake yote ni mifugo. Tuliangalia picha moja ya mzee aliyefiwa na mke, jirani yetu akasema imemvunja moyo, mimi nikasema imenivunja mgongo, jamaa akafikiri weee, akasema, "Yule mzee tatizo lake siyo mke. Wale ng'ombe wake hawajanyweshwa tangu picha ianze."

Wa nne alikuwa bibi, mama yake baba. Aliteremka kutoka Bombo, huko milimani Upare, kuja kutibiwa goti, akaambiwa awe anarudi kliniki kila baada ya wiki mbili, basi akakaa kwetu. Jumapili ya kwanza aliangalia kwa sababu kiti chake ndicho kilikuwa mbele ya TV. Jumapili ya pili alikuwa wa kwanza kuketi.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "njoo unisomee hayo maandishi yanayokimbia huko chini."

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, na pale kilipoishia nilijaza mwenyewe. Na pale kilipokuwa hakijaisha, nilijaza pia. Bibi na mjukuu si wana utani? Kwetu naweza kumwambia bibi kwamba meno aliyobakiza hayatoshi hata kumng'ata mchumba, na yeye ndiye atakayecheka kuliko wote. Nikachukulia kwamba ruhusa hiyo inafika mpaka kwenye TV.

Kuna picha ya daktari aliyeficha kosa lake. Nikamtafsiria bibi kwamba yule daktari ameiba beberu wa mchungaji. Daktari anasimama mbele ya wakubwa zake, machozi yanamtiririka, mimi natafsiri, "Anasema alimla mzima, na supu akanywa." Jamaa ameuma mto wa kochi asicheke. Ikafika zamu ya maoni. Bibi akasema, "Si beberu anayemliza. Mwizi wa beberu halii hivyo. Huyu kuna mtu amemuumiza na hana namna ya kumrudisha."

Jirani yetu akanitazama. Bibi alikuwa ameipata picha nzima, tena kwa kupitia beberu. Ningekuwa na akili ningejifunza siku hiyo.

Sasa niseme habari ya tangawizi, maana bila hiyo hamtaelewa. Bibi alikuwa na mdogo wake aliyeolewa kijiji cha Mamba, hukohuko milimani, bibi mdogo wetu. Walikosana kwenye msiba wa mama yao, kabla mimi sijazaliwa. Mvua ilikata barabara, bibi mdogo akafika watu wameshazika, na bibi kwa uchungu wake akamwambia mbele ya wafiwa, "Umewahi makande." Maneno mawili tu, kana kwamba alifuata chakula cha msibani. Hawakuongea tena. Lakini kila msimu wa kuchimba tangawizi bibi mdogo alituma kiroba, bila salamu, na bibi kila mwaka alitoa amri ileile: "Wagawieni majirani." Majirani zake Bombo wote walikunywa chai ya tangawizi ya bibi mdogo, isipokuwa yeye.

Mwaka huu kiroba kilikuja hapa Same, na basi linaloteremka kutoka Mamba. Bibi alikipokea mwenyewe mkononi mwa konda. Siku mbili kilikaa chini ya meza. Siku ya tatu chai ikawa inawasha koo. Baba alikunywa vikombe vitatu akitazama ukuta. Kesho yake bibi akanunua doti ya khanga, akauliza basi la Mamba la Jumanne linaondoka saa ngapi, akaambiwa. Khanga akaiweka juu ya kabati, nayo ikakaa huko kama mtu anayesubiri kuitwa.

Jumapili hiyo jirani yetu akaleta picha ya dada wawili. Walikosana zamani, na sasa mkubwa amefunga safari, kwa treni, halafu kwa miguu, kwenda kwa mdogo wake. Bibi akasogeza kiti. Hata lile swali lake la siku zote, kwamba hawa watu mbona hawali, hakuuliza. Nusu saa nzima nilitafsiri kwa uaminifu, kwa sababu hakukuwa na la kutafsiri, mtu anatembea tu.

"DJ, tupe kitu," jamaa akanong'ona. "Humu hata mbuzi hamna."

Nje mawingu yakajikusanya. Mvua ya Same ni mgeni wa mbali, ikija hakuna aliyejiandaa. Jirani yetu akaruka, "Msimamishe, naanua nguo!" akakimbilia kwao. Hatukusimamisha.

Dada mkubwa akafika mlangoni, akabisha hodi. Mdogo akafungua. Wakatazamana muda ambao mama angeshasonga ugali. Halafu mdogo akasema sentensi moja, maandishi yakapita, TV ikawa nyeusi. Basi. Picha nzito ndivyo zilivyo, zinaisha kabla hazijaisha.

Niliyasoma yale maandishi, na niliyaelewa. Kilikuwa Kiingereza cha darasa la tano. Alisema, "Ingia, uji unapoa."

Lakini jamaa alikuwa ananitazama anasubiri, na mimi nikitazamwa hivyo lazima nitoe kitu, ni ugonjwa.

"Anasema, 'Hapa siyo stendi, mama. Geuza na gari lilelile.'"

Jamaa akadondoka kwenye kochi. Mimi mwenyewe nilicheka. Bibi alikuwa bado anatazama pale ulipokuwa mlango.

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo, bibi."

"Mbona uso wake haukuwa wa kufukuza mtu?"

Aliniuliza mara mbili. Kama kuna dakika ya maisha yangu ambayo ningeomba irudishwe nyuma, siombi ile ya kutafsiri. Naomba hii ya swali la pili. Nilichotakiwa kusema ni, "Nakutania, bibi," tungecheka, angenirushia kandambili, yangeisha. Nikasema, "Bibi, wazungu ndiyo nyuso zao. Wanakufukuza huku wanakuangalia vizuri."

"Kumbe," akasema.

Jirani yetu akarudi na rundo la nguo kifuani, akauliza imeishaje. Bibi akamjibu yeye mwenyewe. "Yule mkubwa angekaa kwake. Amejiaibisha bure." Mimi nikasema nina njaa, nikaenda jikoni.

Jumanne basi la Mamba likaondoka. Bibi alikuwa uani anachambua maharage. Khanga ilikuwa juu ya kabati. Siwezi kusema sikujua. Nilijua nusu, na nusu ya pili sikutaka kuijua.

Jumatano jirani yetu alinisubiri getini kwa shule. Alikuwa ameumalizia mwisho kwao.

"We DJ. Bibi alisema yule mkubwa amejiaibisha. Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Hakunitukana, angenitukana ningepumua.

"Alikuwa aende Mamba, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mwambie leo."

Nikasema Jumapili. Nilikuwa natafuta namna ya kuchekesha ya kulisema, labda nianzie na yule beberu. Nilikuwa bado natafuta, Jumamosi asubuhi simu ya baba ikaita kutoka Mamba. Bibi mdogo alianguka shambani Ijumaa jioni. Hakuamka.

Tulipanda wote kwenda Mamba. Bibi aliibeba ile khanga mapajani safari nzima, na tulipofika akamkabidhi binti wa marehemu, maana hakuwa na mwingine wa kumpa. Tuliwahi maziko. Baadaye yakaletwa makande, na nikamwona bibi ameshika sahani, hali. Yule binti akakaa karibu naye akamwambia, "Mama alimuuliza konda kama kiroba kilifika. Konda akamwambia umekipokea mwenyewe, kwa mkono wako. Alitusimulia wiki nzima, tukachoka."

Nilitoka nje nikasimama kwenye matuta ya tangawizi. Sikuwa na utani wowote.

Nilimwambia tuliporudi Same. Alikuwa jikoni na chai yake.

"Bibi, yule dada wa kwenye picha hakumfukuza mwenzake."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ingia, uji unapoa.'"

Akageuza kikombe mkononi, taratibu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Nikakuuliza tena."

"Ndiyo, bibi."

Nilisubiri anigombeze. Akasema, "Zima jiko, mjukuu wangu." Mjukuu wangu. Lile jina lingine hajaniita mpaka leo.

Jumapili bado anaangalia. Lakini sasa, kabla picha haijaanza, anatoa kitambaa cha kochi, kile kilichofumwa na mama, anamwomba jirani yetu akining'inize chini ya TV, kiyafunike maandishi yote. Halafu anasema, "Punguza sauti." Anaangalia nyuso. Ikiisha anatoa maoni yake, na jirani yetu, ambaye tayari ameshaiangalia kwao, anatikisa kichwa kwa mshangao, maana bibi hakosei.

Mimi nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Wiki iliyopita jamaa alinigeukia kwa mazoea, "DJ, tupe kitu." Nilikuwa nacho, tena kizuri. Nikainuka nikaenda kuchemsha chai. Kwenye kiroba vimebaki vipande vitatu vya tangawizi, vimeanza kusinyaa, na bibi ameshasema kwa birika moja tusikate zaidi ya ncha ya kidole.