Mgonjwa Mwenye Ndevu

Profesa wetu alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha hata siku moja: mnyama akishaingia kwenye majaribio, haitwi tena mbuzi. Anaitwa mgonjwa.

"Hapa mbuzi hakuna," alituambia siku ya kwanza. "Iko mugonjwa tu. Mukizoea kumuita mbuzi, kesho mutatibu bantu sawa mbuzi."

Tulikuwa wanafunzi wanane wa udaktari wa meno, wasichana wawili, na mimi ndiye niliyekuwa mwoga kupita wote. Profesa alikuwa amerudi kutoka Ulaya na kiboksi cha skrubu za titani, kila moja fupi kama ukucha. Hizi, alisema, unazipanda ndani ya mfupa wa taya, mfupa unazishika, halafu juu yake unasimamisha jino la bandia. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini zisiwe za shaba, maana mji mzima tulikuwa tunakula na kulala kwa shaba. Profesa akasema mfupa hauna kadi ya chama, hauipendi shaba kwa sababu ya uzalendo.

Tuligawiwa wagonjwa wanne. Tukawapandia skrubu kwenye taya la chini, pale penye nafasi kati ya meno ya mbele na magego, tukaambiwa tungoje miezi mitatu. Hata mwezi mmoja haujaisha, watatu walikwisha toweka, mmoja baada ya mwingine, na kila alipotoweka mmoja, upande wa vyumba vya wavulana kulinukia kitunguu na pilipili. Hakuna aliyejua kitu. Ndipo profesa akanikabidhi yule wa nne nikamchunge kwetu.

"Huyu njo examen yako, citoyenne," akasema, yaani ndiye mtihani wangu; citoyenne, mwananchi, ndivyo serikali ilivyotaka tuitwe. "Akipotea, unarudilia mwaka."

Kwangu mimi kurudia mwaka hakukuwepo. Baba, fundi wa mitambo kwenye shaba, alikuwa amenieleza waziwazi kwamba shule ni mara moja. Nikianguka, naenda kijijini Lukafu kwa shangazi kulima mahindi. Shangazi nilimpenda sana. Jembe lake sikulipenda hata kidogo.

Basi mgonjwa akahamia nyuma ya jiko letu, karibu na kichuguu, akala maganda ya ndizi na gazeti la baba. Nilimpima joto. Nilimwosha mdomo kwa maji ya chumvi huku akinitazama kama mkwe aliyekosewa heshima. Mama alikuwa akisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mungu mwenyewe alimunyima meno ya juu," alisema. "Weye njo utamupatia?"

Ni kweli mbuzi hana meno ya mbele juu; nikaendelea kumwosha mdomo. Lakini kila asubuhi kabla ya kutoka nilimwagiza: "Mama, uniangalilie mugonjwa." Na kila jioni, hata viatu sijavua: "Mama, mugonjwa iko namna gani?" Ulimi ulikwisha zoea sheria ya profesa. Ulimi huohuo ndio ulioniponza, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Miezi mitatu ikatimia. Profesa akasema atapita kwetu Jumapili mchana kukagua kama mfupa umeishika skrubu. Nikamwambia mama kwa kifupi: "Professeur anakuya dimanche juu ya mugonjwa." Jumapili asubuhi nikaenda zangu misani kuimba.

Niliporudi, profesa alikuwa amekwisha fika. Amekaa kwenye kiti cha baba, abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, imefungwa hadi kooni, midomo inang'aa mafuta. Mbele yake palikuwa na ugali wetu, bukari, sombe ya majani ya muhogo, na bakuli kubwa la nyama. Baba alikuwa anammiminia bia. Nilikimbia nyuma ya jiko. Kamba ilikuwepo. Mgonjwa hakuwepo.

"Mama! Mugonjwa iko wapi?"

Mama alinishangaa mimi. "Miezi yote unasema iko mugonjwa, iko mugonjwa. Tungoye akufe, nyama ibole? Na mukubwa wa masomo anakuya juu yake! Nilimuchinjisha mapema. Kichwa nikapatia mugeni, njo heshima."

Nilitaka kulia, na nililia, palepale juu ya kuni. Nililiona jembe la shangazi likinisubiri. Halafu kutoka sebuleni tukasikia *kak!*, na baba akisema, "Pole, professeur, pole!"

Tulimkuta profesa ameshika mdomo kwa mkono mmoja na taya la mbuzi kwa mkono mwingine. Kwenye mfupa, katikati ya nyama iliyoiva, skrubu ilikuwa imetokeza kichwa. Kwenye sahani kulikuwa na kipande cha jino, na hakikuwa cha mbuzi.

Niliomba msamaha, nikamweleza mama alivyolielewa lile neno "mugonjwa", naye akanisikiliza macho yakiwa kwenye taya. Aliigusa skrubu kwa kidole. Akajaribu kuizungusha. Akamwomba baba koleo. Baba akalishika taya kwa mikono miwili, profesa akavuta mpaka jasho likamtoka, bia ikamwagika, skrubu haikutikisika. Ilikuwa imechemshwa asubuhi nzima na kutafunwa na profesa, na bado imo.

"Imeshika," akasema, na mdomo wake wenye pengo ukacheka. "Mama, imeshika!"

"Ongeza sombe basi, papa," mama akajibu.

Jumatatu aliingia darasani akiwa ameliviringisha taya lile kwenye gazeti. Alisema mfupa uliochemshwa hauwezi kusomwa kwa darubini, kwa hiyo nusu ya mtihani wangu imeliwa, na yeye mwenyewe amekula sehemu kubwa. Nusu iliyobaki nitaifanya sasa hivi. Akakaa kwenye kiti cha matibabu mbele ya wenzangu wote, akafungua mdomo.

Niliinama, nikaliona jino. Baada ya hapo nikasahau ni la nani. Nililisafisha, nikajenga upya ile pembe iliyovunjika, nikaipiga msasa. Alijitazama kwenye kioo, akachukua kalamu, akaandika kwamba nimepita. Furaha ilinijaa hadi nikaongea kwa mazoea.

"Aksanti, mugonjwa. Uende upumuzike. Kesho nitapita kukuangalia."

Alinishika mkono wa koti, uso umembadilika.

"Citoyenne, nakuomba. Kwa mama yako usiseme niko mugonjwa."