Saruji Niliyoipeleka Kighare

Barua kutoka Kighare, kijiji cha milimani, ilitufikia ofisini Same wakati wa masika: ukuta wa zahanati unavimba. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa ujenzi. Mwaka uliotangulia niliamuru nyumba ile ya mawe, ya enzi za Mjerumani, ipigwe lipu ya saruji ili igeuzwe zahanati. Wa kwenda kujibu nilikuwa mimi.

Alfajiri nilipata lori la mkonge hadi Lembeni. Hapo nilikunywa chai ya rangi bila hamu, nikapata gari jingine mpaka chini ya milima. Kuanzia saa sita nilipanda kwa miguu katika ukungu na utelezi, nikijitetea peke yangu njia nzima.

Jioni nilifika kwa Mzee Mbonea, fundi mawe wa kijiji. Nilimwamkia, akaitikia, mkewe akanipa uji. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Mwaka ule alinisihi tupake udongo uliochanganywa na samadi, kwa kuwa mawe yale yameshikwa kwa udongo, na udongo ukiloa sharti upate pa kukaukia. Nilimcheka. Nilimwambia Uhuru haukuja ili tupake mavi ya ng'ombe ukutani.

Kesho yake asubuhi pembe ya msaragambo ililia, na kila nyumba ikatoa mtu wa kufanya kazi ya wote. Akina mama walileta udongo kwa vikapu. Zahanati ilikuwa bado haijafunguliwa, nao walikuwa wamechoka kuona wajawazito wakiteremshwa bondeni kwa machela. Tulianza kubandua lipu taratibu. Nyuma yake udongo ulikuwa umegeuka tope, maana saruji iliuziba usikauke. Kabla ya adhuhuri ukuta wa mbele ukalala chini, pamoja na kenchi za paa na mabati. Hakuumia mtu.

"Tutaujenga tena kwa udongo," Mzee Mbonea aliniambia. "Mawe ni yale yale. Wewe tuombee mbao, na uwaambie wakubwa kilichouangusha."

"Nitawaambia, mzee."

Siku ya tatu nilirudi Same. Mkubwa wangu alinisikiliza, kisha akasema kama kosa ni la saruji, basi ni langu, na kazi sina. Kama ni la udongo, hakuna wa kulaumiwa. Nilikuwa na watoto wanne. Niliandika kwamba udongo wa kienyeji haufai. Haukupita mwezi, ikaamriwa zahanati ijengwe chini tambarareni, kwa matofali ya saruji, na nyumba ile ya mawe iachwe kama ilivyo.

Safari ile ilinifunza jinsi ukuta wa kale unavyokauka, jambo ambalo Kighare walilijua kabla sijazaliwa. La pili nalisema kwa aibu. Saruji yangu iliangusha ukuta mmoja, na watu walikuwa tayari kuuinua. Kilichowanyima zahanati ni karatasi yangu.