Fundi Spika na Masikio Mapya

Kwanza niseme wazi kwamba mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, kwa hiyo anayetaka habari zisizo na upendeleo akaulize kwa jirani. Dada yangu ndiye fundi bora wa spika ninayemjua, na nimewajua wengi, maana huu ni mwaka wa kumi na saba nakaa kwenye kaunta ya karakana yake nikipokea mizigo ya watu. Mteja huingia na spika inayokoroma. Mimi huandika jina lake kwenye kikaratasi, nakibandika mgongoni mwa spika, naipitisha nyuma ya pazia. Dada huiwasha, hulaza kichwa upande kidogo, kisha hutaja ugonjwa: koili ya ndani imeungua, koni ya karatasi inayotetema imechanika, waya umelegea. Hajawahi kunitia aibu mbele ya mteja. Watu wa mtaani walimpachika jina la Mama Besi, na alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Mwisho wa wiki alikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake. Alikaa kwenye mikseta ya bendi ya mtaa wetu, ile meza ya vitufe inayopima sauti ya kila chombo kabla haijafika kwenye spika. Kiongozi wa bendi ni mpiga gitaa mwenye upara tunayemwita Kapteni. Huyo alikuwa akisema hadharani kwamba bila Mama Besi, wao ni watu saba wanaopiga kelele chumba kimoja.

Kisha usikivu ukaanza kumponyoka. Kwanza alipoteza sauti za simu, halafu mazungumzo ya mezani, halafu mimi. Ndani ya miaka miwili hakusikia hata mlango ukibamizwa. Daktari alimwandikia kwenye karatasi kwamba vinyweleo vidogo vya ndani ya masikio vimekufa na havioti tena. Dada alisoma, akanirudishia karatasi, akasema, "Koili zimeungua. Zote mbili." Nilicheka, halafu nikatoka nje kulia.

Karakana hatukuifunga. Alijizoeza kuweka ncha za vidole kwenye koni ya spika na kusoma mtetemo wake, na panapohitajika masikio aliniita mimi. Wapo wateja waliokuwa wakimpigia kelele usoni, kana kwamba kiziwi ni mtu aliyesimama mbali. Hao niliwashughulikia mwenyewe, na maneno niliyotumia hayaandikiki hapa. Lakini kwenye bendi alikataa katakata kurudi. Kapteni alikuja mara tatu kumbembeleza aje hata kukaa tu na wenzake.

"Nikakae nitazame watu wanapanua midomo?" aliniambia. "Bora nikafue nguo."

Redio ya chumbani kwake aliitoa, akaiweka kwenye rafu ya vitu vya kuuza. Hapo ndipo nilipojua ameumia kiasi gani.

Zamu yake ya upasuaji ilipofika hospitalini, aliwekewa vipandikizi, sikio moja kwanza, la pili miezi sita baadaye. Kwa anayetaka kujua: kuna sehemu inayoingizwa ndani ya mfupa, na kuna kifaa kinachokaa nyuma ya sikio, chenye waya mfupi na kidude cha duara kinachonata kichwani kwa sumaku. Kifaa cha nje hunasa sauti, hukipelekea kile cha ndani, nacho huuambia mshipa wa sikio habari hizo kwa umeme. Dada alitaka kukifungua kifaa cha nje siku ya kwanza aone kilivyoundwa. Nilimnyang'anya bisibisi.

Siku ya kukiwasha, mtaalamu wa usikivu, binti mpole mwenye miwani, alikiunganisha na kompyuta, akauliza, "Mama, unanisikia?"

Dada alitoa macho. "Nakusikia, mwanangu. Ila unaongea kama umefungiwa ndani ya kopo."

Tulicheka sote watatu, na nadhani sote watatu tulifuta machozi. Miezi michache baadaye kopo lile lilikwisha. Alianza kupokea simu, kubishana na wateja na kunikosoa ninavyotafuna. Nyumbani kila mtu aliona kazi imekwisha, tumshukuru Mungu, tusonge mbele.

Ila muziki haukurudi. Aliweka rekodi ya bendi aliyoipima kwa mikono yake mwenyewe, wimbo anaoujua kila pumzi, akaizima kabla haujafika katikati.

"Mabati yanaburutwa," alisema. "Chini hakuna kitu kabisa. Gitaa na tarumbeta vyote ni kitu kimoja." Kisha akanishika mkono. "Mdogo wangu, maneno nashukuru. Lakini muziki usiporudi, mimi nitakuwa nimepona nusu."

Mtaalamu alipoambiwa hakushangaa. Alieleza kwamba ubongo unajifunza upya, kwamba muziki ni mgumu kuliko mazungumzo, na wengine huupata sana, wengine kidogo. Alimshauri aanze na chombo kimoja kimoja, nyimbo anazozifahamu, dakika chache kila siku. Mtu mwingine angesikia ushauri. Dada alisikia kitabu cha matengenezo. Siku hiyo hiyo alinunua daftari, na nililichungulia bila ruhusa, kwa hiyo naweza kuwaambia kilichomo. "Jumanne, ngoma peke yake, safi. Jumatano, gitaa peke yake, linaanza kufanana na gitaa. Ijumaa, mwanamke anaimba na gitaa, safi mpaka kiitikio, baada ya hapo uji." Kurasa na kurasa. Alikuwa anajitengeneza mwenyewe kama mzigo wa mteja, na mimi nilikuwa namtazama nikivimba kichwa kwa niaba yake.

Sumaku nayo ilituletea vituko. Nyuma ya kila spika kuna sumaku nene, na mtaalamu alikuwa amemwonya asiisogelee kwa kichwa. Mazoea yana tabu. Siku moja aliinama juu ya spika iliyofunguliwa, kama alivyofanya maisha yake yote, kile kidude kikachomoka kichwani, pa! kikang'ang'ania sumaku ya mteja. Dada akabaki kiziwi upande mmoja, amekasirika, na mteja amesimama pale akidhani spika yake imemng'oa fundi sikio. Tangu siku hiyo meza ilishushwa, na anafanya kazi amenyoosha mgongo kama mwalimu mkuu.

Mwezi wa kumi na mbili tangu upasuaji wa kwanza, Kapteni alikuja tena. Bendi ilikuwa inatimiza miaka ishirini, wangefanya onyesho ukumbini Jumapili alasiri, wiki tatu mbele.

"Mama Besi, njoo kwenye mazoezi uijaribu mikseta," alisema. "Ukiona inawezekana, kiti ni chako. Ukiona bado, tunaye kijana mwingine, na wewe utakaa mbele kama mgeni wetu."

Dada aliitikia kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

Mazoezini alifanya kosa ambalo yeye peke yake duniani angeweza kulifanya. Alikaa, akasikiliza, akaona besi haipo. Kwa masikio yake mapya kweli haikuwepo, maana sauti za chini ndizo zinazomfikia kwa shida kuliko zote. Fundi akiona kitu hakipo, hukitafuta. Akapandisha besi. Bado. Akapandisha tena. Mimi nilikuwa mlangoni, nikahisi fulana inapigapiga kifuani. Madirisha yalianza kutetemeka, kikombe cha mpiga dramu kikatembea juu ya spika mpaka kikaanguka, na mpiga besi mwenyewe aliacha kupiga akaziba masikio. Dada alikuwa ametabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu upasuaji alikuwa anaisikia.

Kisha aliinua macho akaona nyuso za watu.

Kapteni ni muungwana. Alimwendea, akamwambia taratibu, "Labda kwa leo inatosha, dada yangu." Dada alivuta kitufe cha besi chini mpaka mwisho, akachukua mkoba wake, akatoka. Njia nzima nilichemka, nikimlaumu Kapteni, nikiilaumu hospitali, na mpiga dramu naye kwa kuweka kikombe juu ya spika, mpaka Dada akaniambia, "Nyamaza. Mimi ndiye niliyewapasua masikio."

Siku mbili hakuligusa daftari. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta karakanani ameshalehemu waya wa spika ndogo ili ipokee besi peke yake, ameivua kifuniko, ameilaza mezani mbali na kichwa chake.

"Kaa hapo," aliniamuru. "Wewe una masikio ya kuzaliwa. Besi ikiwa sawa kwako, inua mkono. Ikizidi, shusha."

Tulifanya hivyo siku nane, saa mbili kabla ya kufungua mlango. Wimbo ulipigwa kwenye spika kubwa, na yeye mkono wa kushoto aliuweka kwenye koni ya ile ndogo, vidole vitatu tu, wa kulia kwenye kitufe cha besi, macho kwenye mkono wangu. Besi aliisoma kwa vidole, jinsi alivyokuwa akisoma wakati ule hasikii chochote. Sauti za waimbaji, magitaa na ngoma alizisikiliza kwa vifaa vyake. Mwanzoni tulipishana. Siku ya tano nilianza kuinua mkono na kukuta ameshaacha kitufe. Siku ya nane alizima kila kitu akaniambia, "Mpigie Kapteni. Mwambie naomba mazoezi ya mwisho. Nikiharibu, nampisha kijana."

Kwenye mazoezi hayo alikuja na spika yake ndogo kwapani, akaiunganisha na mikseta. Watu walitazamana. Alianza na besi chini kabisa, akaipandisha kidogo kidogo, akaiacha mahali nilipoona mpiga besi anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Katikati ya wimbo wa tatu alisimamisha bendi.

"Dramu," alisema, "pedali yako ya mguu inachelewa. Kila mara ya nne."

Mpiga dramu alianza kubisha. Kisha aliinama, akakuta springi imelegea. Hakuna mwingine aliyekuwa amegundua hilo, na wote wana masikio ya kuzaliwa. Kapteni alivuta kile kiti cha fundi, akakiweka sawa nyuma ya Dada, na mimi ilinibidi nijifanye natafuta kitu kwenye mkoba.

Jumapili ya onyesho ukumbi ulijaa. Dada alikuwa amekaa mkono mmoja kwenye koni, mwingine kwenye vitufe, mimi pembeni yake kama nilivyoagizwa. Nyimbo sita zilikwenda vizuri, na nilisikia watu nyuma yangu wakisifu sauti bila kujua ni nani anayeipima. Nilitaka kugeuka niwaambie. Kusema kweli, niligeuka nikawaambia.

Wimbo wa saba ulikuwa ule wa zamani, alioukatisha nyumbani kwa sababu ya mabati. Kapteni alianza na gitaa peke yake. Waimbaji wakaingia, kisha besi. Dada aliondoa vidole kwenye spika yake ndogo. Niliogopa, nikadhani kuna kitu kimekatika.

"Umechoka?" nilimuuliza.

"Hapana. Shika hapa," alisema huku akisimama. "Usiguse kitu."

"Unakwenda wapi?"

"Kusikiliza."

Alipita katikati ya watu mpaka safu ya tatu, akakuta kiti, akakaa. Miaka yote ninayomjua dada yangu, aliusikiliza muziki akitafuta kosa. Sasa alikuwa ameweka mikono mapajani kama watu wengine. Kiitikio kilipofika, pale ambapo muziki ulikuwa ukimgeukia kuwa uji, nilimwona mdomo wake ukiimba, na alikuwa pamoja nao, neno kwa neno, hakuwahi wala hakuchelewa.

Kutoka jukwaani Kapteni alimwona. Akanitazama mimi kwenye mikseta, akanionyesha kidole juu niongeze gitaa lake kidogo. Nikamtikisia kichwa kukataa. Fundi alikuwa ameiacha sawa.