Muhuri wa KWA

Juzi, nikipanga sanduku la marehemu mama kule Mkonze, nilikuta kipande cha soli ya kandambili kilichochongwa herufi tatu kinyumenyume. Nilikitambua kabla sijakigeuza; nilikishika sana nikiwa na miaka tisa.

Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Jioni alitengeneza kadi. Jirani yetu, mchora ramani, alimletea mabaki ya ile karatasi yake nyororo inayopitisha mwanga. Utaratibu bado ninaujua: unailaza juu ya mpira wa tyubu ya baiskeli, unaigandamiza upande wa nyuma kwa kalamu iliyokwisha wino, polepole, mpaka mstari unakuwa mweupe kama chaki. Ukiigeuza, ua limeinuka. Ukikaza mkono, imechanika. Mihuri aliichonga kwa wembe. Mmoja ulisema HERI. Mwingine, KWA, mama aliuchonga wakati mwalimu wetu alipohama, tukamgongea kadi za kumuaga darasa zima. Kugonga ilikuwa kazi yangu, baada ya kuosha chungu cha mlenda.

Mwaka ule maofisini walikuwa wanapunguza watu. Wakubwa walitaja neno "orodha" kwa sauti ya chini, nasi tukajifunza kuliogopa bila kuelezwa. Mama akaamua kumpelekea bosi wake kadi ya mwaka mpya. Karatasi ilibaki kipande kimoja tu.

"Taratibu, mwanangu. Hiyo ni ya mzee."

Mkono wangu ulikuwa umezoea kadi za mwalimu. Badala ya HERI peke yake, niligonga KWA, kisha HERI. Wino wa zambarau haufutiki.

"Imekauka?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Imekauka, mama." Nikaitumbukiza kwenye bahasha.

Tangu siku hiyo nilisikiliza hatua zake kila alipotoka kazini. Niliamini bosi akishaisoma ataandika jina letu kwenye orodha. Wiki ya pili mama alirudi mapema, amebeba kikombe chake cha ofisini na mto wa kiti, kavifunga kwenye kanga.

Nikalia, nikamwambia yote. Akaendelea kunawa miguu.

"Niliiona," alisema. "Niliitoa asubuhi niangalie wino."

"Sasa mbona ulimpelekea?"

"Orodha niliichapa mwenyewe, kabla hata ya kadi. Jina langu la sita. Mimi nilitaka kumbembeleza, wewe ukamuaga." Akacheka kidogo. "Nikaona mtoto ana akili kunishinda. Nikabandika bahasha."

Sikucheka. Niliwaza tu kwamba alikaa nasi siku zote zile, anasonga ugali, huku anajua.

Mchora ramani alishahama, na karatasi ile siioni tena madukani Majengo. Mpira wa muhuri umekauka, K imepasuka. Sanduku nilikung'uta lote, mpaka vumbi la pembeni. Muhuri wa HERI haukuwemo.