Bi Nanikagusa na Kompyuta Iliyopoteza Sikio

Mtaani wanamwita Bi Nanikagusa, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Ni fundi wa kompyuta za majumbani, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye mkoba wa turubai, bisibisi tano, tochi ya kuvaa kichwani na daftari la mistari. Akiingia kwako haulizi mashine ina nini. Anauliza nani kagusa, na hatoi bisibisi mkobani mpaka kila mwenye mikono humo ndani ajibu.

Tabia hii aliitoa zahanati. Kabla ya ufundi alikuwa mpokezi kwa miaka kumi na saba, akiandika majina ya watu na maradhi yao, na pale dirishani ndipo alipomjua binadamu. Kila aliyekuja anaharisha hakuwa amekula kitu. Kila aliyevunjika mguu alikuwa amesimama tu. Zahanati ilipoletewa kompyuta, fundi wa kuzihudumia alikuwa bwana mmoja ambaye siku zote yuko njiani, basi mpokezi akaanza kuzifungua mwenyewe. Baadaye akasoma kozi ya miezi sita, akapata cheti, akaaga dirisha. Husema mashine ni wagonjwa wazuri kuliko watu, kwa kuwa hazina aibu. Wenye aibu ni ndugu wa mgonjwa.

Alhamisi moja, saa nane na nusu mchana, aliitwa nyumbani kwa mtunza ghala mstaafu. Mzee huyu alilinda ghala la kiwanda miaka thelathini na moja bila kupotea hata msumari, na alipostaafu aliigeuza nyumba yake kuwa ghala la pili. Mle ndani huazimi mkasi bila kusaini.

Mwenye shida alikuwa binti yake. Saa kumi kamili alikuwa na usaili kwa video, kazi ya kuchapa taarifa za madaktari akiwa nyumbani. Barua ilisema wazi kwamba atumie kompyuta, si simu, maana kutakuwa na jaribio la kuchapa. Alikuwa ameomba kazi kumi na moja na hii ndiyo pekee iliyojibu. Na tangu asubuhi kompyuta haikuwa na intaneti.

"Mmeshaifanya nini kabla ya kuniita?" Bi Nanikagusa aliuliza, daftari likiwa wazi.

"Nimeizima na kuiwasha," alisema mzee.

"Mara ngapi?"

"Saba."

"Ingekuwa mtu angeshakufa. Na wewe dada?"

Mama mwenye nyumba alitazama pazia. "Nilifuta vumbi kwenye kioo tu."

"Na kwa jirani ulifuata nini?" binti akamchokoza.

Ikabidi aseme. Nyumba hii na ya jirani, fundi cherehani, zinachangia ruta moja, nayo iko kwa fundi cherehani, upande wa pili wa ukuta. Asubuhi mama alikuwa amekwenda kumshutumu kwamba kawabadilishia nywila kwa roho mbaya. Fundi cherehani, sindano mdomoni, alimjibu hivi: "Nimekushonea miaka tisa sijakupunguzia kitambaa, leo nikupunguzie hewa?"

"Simu zenu zinapata intaneti ya kwake?" aliuliza Bi Nanikagusa.

"Zinapata," alisema binti.

"Basi ruta ni nzima na jirani hana kosa. Dada, lile neno ulilolipeleka kule utakwenda kulichukua mwenyewe."

Akaketi mbele ya kompyuta. Pale kwenye kona ya kioo, panapokaa alama ya intaneti ya hewani, hapakuwa na kitu. Akafungua orodha ya mitandao iliyo karibu. Tupu.

"Mwanangu, njoo uone. Mtaa huu una ruta kama ishirini. Zote zimekufa leo?"

"Haiwezekani."

"Basi aliyekufa ni huyu anayesikiliza. Kompyuta yenu haisikii."

Kompyuta nyingi za mezani huzaliwa viziwi. Hazinasi intaneti ya hewani mpaka zichomekwe kidude fulani, chenye ukubwa wa kucha ya dole gumba, ambacho mtu hukichomeka mara moja, akakisahau. Bi Nanikagusa alivaa tochi, akaingia chini ya meza, akaigeuza mashine. Nyuma kulikuwa na vumbi la miaka, isipokuwa tundu moja lililong'aa kama jino jipya.

"Hapa palikaa kitu," ilisema sauti chini ya meza. "Nani kagusa?"

"Mimi sijagusa," alisema mama.

"Mimi Jumanne usiku niliitumia ikawa nzima," alisema binti. "Jana sikuiwasha."

"Mimi kompyuta huwa siigusi," alisema mzee kwa heshima zake zote. "Nilichofanya Jumatano ni kurudisha mali ya mgeni."

Bi Nanikagusa alitoka chini ya meza polepole. "Mali gani, mzee?"

Mzee aliliendea kabati, akaleta daftari la makabidhiano, akavaa miwani, akasoma: "Kifaa kimoja, kidogo, cheusi, cha kuhifadhia picha. Kimesahauliwa na shemeji nyuma ya kompyuta. Kimerudishwa Jumatano saa nne asubuhi. Aliyepokea kasaini."

Shemeji ni mdogo wake mama, kinyozi, ambaye Jumapili alikuja kuchapa picha. Mzee alikuta kidude kimechomoza nyuma ya mashine, akaamua ni cha mgeni, akakifunga katika karatasi na kukipeleka kwa miguu hadi kinyozini. Huo ndio uaminifu usiouliza. Mtu mwaminifu asiyeuliza huweza kukuibia nyumba nzima na kuigawa kwa majirani, tena kwa risiti.

Wakampigia simu kinyozi na kumweka kwenye spika.

"Mjomba," alisema binti, "Baba alikupa kitu jana?"

"Alinipa."

"Kilikuwa chako?"

Mashine ya kunyolea ilisikika ikizimwa. "Kilikuwa... hapana. Changu ninacho mfukoni."

"Sasa ulisaini nini?" aliuliza mzee.

"Shemeji, wewe nawe. Kukubishia ni kazi ya siku nzima. Kusaini ni sekunde mbili."

"Kiko wapi?"

"Kwenye droo ya vitana. Lakini nina mtu hapa, nimemaliza upande mmoja."

"Mwache na huo upande," alisema dada yake. "Njoo mbio."

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano, na kutoka kinyozini ni mwendo wa nusu saa. Bi Nanikagusa hakukaa kusubiri. Simu ya binti ikiunganishwa kwa waya inaweza kuipa kompyuta intaneti, kwa hiyo akaomba waya. Wakaleta wa kuchajia, akaujaribu. Simu ikachaji vizuri sana na kompyuta haikupata lolote.

"Huu unapitisha umeme peke yake," alisema. "Wangu unaopitisha vyote nimeusahau kwa mteja wa asubuhi. Hilo ni kosa langu, nami naliandika." Na kweli akaliandika.

Walitafuta waya mwingine nyumba nzima. Walipata nyaya tatu, na zote tatu zilikuwa za kuchaji tu. Saa kumi ikafika. Binti alikaa mbele ya kioo kitupu amevaa blauzi yake ya kola, mikono mapajani.

Saa kumi na dakika nne kinyozi aliingia anahema, aproni ingali shingoni. Mzee alimzuia mlangoni, kalamu mkononi.

"Ngoja. Kinaingia bila maandishi?"

"Mzee," alisema Bi Nanikagusa.

"Utaratibu ni utaratibu. Kilitoka kwa saini, kitaingia kwa saini."

Mkewe alipita katikati yao, akakitwaa kile kidude mkononi mwa mdogo wake, akamkabidhi fundi. "Andika kwamba nimeiba," alimwambia mumewe. Mzee alibaki na kalamu hewani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi kitu kilipita mbele yake bila karatasi.

Kidude kilichomekwa. Alama ikarudi kwenye kona. Saa kumi na dakika saba nyuso mbili zilitokea kwenye kioo, mwanamke wa miwani na mwanamume mwenye kikombe.

"Umechelewa dakika saba," alisema yule mwanamke. "Sababu?"

Siku hizi kila mtu hutembea na uongo mmoja tayari kama leso: mtandao ulisumbua. Hauna mwenyewe, na hakuna anayekuuliza ushahidi. Binti alikuwa nao ulimini. Bi Nanikagusa alikuwa bado amechuchumaa chini ya meza, nje ya kamera, anafunga nyaya, wala hakumtazama.

"Baba alichomoa kifaa cha kompyuta akidhani ni cha mjomba," alisema binti. "Mjomba akakipokea na kusaini, akijua si chake. Na mimi jana sikuiwasha mashine kuihakikisha. Ningeiwasha ningejua mapema."

Yule mwanamume aliweka kikombe chini.

"Leo wamechelewa wanne," alisema mwanamke. "Watatu walisema mtandao. Huyo mjomba anafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Alisaini kabisa?"

"Na tarehe."

"Haya. Weka vidole tayari. Jaribio ni dakika ishirini."

Bi Nanikagusa alitoka kwa magoti, akafunga mlango nyuma yake, akawaweka wote sebuleni kimya kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Kisha akamnong'oneza mama: "Dakika ishirini zinatosha kwenda kwa jirani." Mama alijishughulisha na kanga yake, akatazama mlango, akaenda. Alirudi na macho mekundu, na gauni lake fundi cherehani keshalipunguza kiunoni.

Mlango wa chumba ulipofunguliwa, binti alisimama kizingitini.

"Wanataka niieleze ile sababu ya kuchelewa kwa maandishi. Iambatane na fomu."

"Fomu gani?" aliuliza mzee.

"Ya kuanza kazi."

Kinyozi alivua aproni taratibu. "Mwanangu, humo kwenye fomu usinitaje."

"Nimeshakutaja, mjomba."

"Basi sema nilikuwa na mteja," alisema kinyozi, akatoka kwenda kumalizia ule upande wa pili.