Ndege ya Vijiti

Wiki iliyopita nilipita shule ya chekechea ya hapa kwetu Bweri kumchukua mwanangu, nikamkuta mwalimu wake anakoroga gundi ya unga wa muhogo kwenye kopo la rangi, abandike picha ukutani. Mnaijua harufu ile? Ni ya uji ambao hakuna atakayeunywa, nzito, na uchachu kidogo kwa mbali. Nilisimama mlangoni nikasahau nilichofuata, mpaka mwanangu aliponivuta sketi. Mimi nilikuwa nimesharudi Kigera, mtaa mwingine wa hapa Musoma, kwenye nyumba ya baba, natazama mikono yake ikipaka uji karatasi nyembamba.

Baba yangu alikuwa mfukuza ndege kwenye uwanja wa ndege. Msicheke, ndiyo kazi iliyompa ugali. Uwanja wetu wa Musoma uko mjini kabisa, na yangeyange na mwewe waliupenda kuliko abiria. Kila ndege ilipokaribia kutua, baba alipanda baiskeli, filimbi mdomoni na fimbo mkononi, akapita njia yote akiwatimua, na mbuzi wa watu njiani vilevile. Shuleni walinitania sana. "Baba yako anafukuza ndege? Sasa zikifukuzwa zitatua wapi, Mwanza?" Nilikuwa nawarushia mawe, kisha jioni namsimulia baba, naye anacheka mpaka anakaa chini.

Mama alifariki nikiwa mdogo kiasi kwamba sura yake naijua kwa picha tu. Tulibaki wawili. Baba alipika, alifua, na Jumapili alinisuka mabutu, moja likielekea ziwani na jingine sokoni. Mimi niliyaona mazuri. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa Butiama, hakuyaona mazuri hata kidogo. Kila alipokuja mjini alinigeuza kichwa huku na huku, akasema, "Mtoto wa kike hafundwi na mwanamume," halafu anayafumua yote anaanza upya. Bibi alitaka niende nikakae kwake. Hakuwa na ubaya, na nitamsema vizuri mpaka nife. Aliona mjukuu anakua bila mwanamke ndani ya nyumba, na kwa watu wa rika lake hilo halikuwa jambo la kuachwa hivihivi.

Basi siku moja tulikwenda Bunda kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni. Katika marobota yake lilikuwa limetoka furushi la vitu vya watoto, wanasesere wasio na macho, magari bila matairi, na maboksi mawili ya ndege za kuunga mwenyewe. Shangazi aliyaweka mbele yangu akaniambia nichague moja, zawadi yangu.

Boksi la kwanza lilikuwa na ndege ya vita ya plastiki, kijani inayong'aa, vipande vyake vya kuchomeka tu. Picha ya juu ilikuwa na moto na mawingu. La pili lilikuwa limechanika pembeni, limefungwa kamba ya katani, na ndani mlikuwa na vijiti vya mti mwepesi ajabu, karatasi nyembamba zilizokunjwa, na mchoro mkubwa kama kanga. Hakuna aliyehitaji kuniuliza mara mbili. Niliikumbatia ile ya plastiki.

Baba alikuwa amechuchumaa anafungua ile kamba. Alitoa kijiti kimoja akakinusa, akakipima kwa kidole.

"Hiyo ya plastiki unaimaliza leo kabla ya kula," aliniambia. "Kesho utafanya nini?"

"Nitaichezea."

"Huyu wa vijiti ndiye wa kujenga. Na huyu anarukaga kweli, ana mpira wa kuzungusha pangaboi. Hiyo yako inakaaga kwenye kabati tu."

Neno la kuruka lilinimaliza. Nikaiacha plastiki. Shangazi alitazama vile vijiti, akatikisa kichwa.

"Kaka, huyo hamtammaliza hata mahindi yakomae."

"Ndiyo huyo ninamtaka," baba akasema.

Shangazi akamwambia kwamba mama yao ametuma salamu, anauliza habari ya mtoto. Baba alikuwa anafunga tena ile kamba, pole sana. "Mwambie tummalize kwanza huyu ndege. Akiisha, nitamleta." Nikadakia, naletwa wapi? Shangazi akanishika shavu. "Butiama, kumsalimia bibi."

Kusalimia. Ninyi mnalijua neno hilo lilivyo kwetu. Mtu anaweza kwenda kusalimia akarudi jioni, na anaweza kwenda kusalimia akaolewa hukohuko. Mimi nililijua la kurudi jioni. Nikawaza ng'ombe wa bibi, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na binamu zangu wakiniona nashuka kwenye gari na ndege yangu mwenyewe. Tangu hapo nilikuwa na kazi moja duniani, kuimaliza ndege ile ili niende Butiama kusalimia.

Kujenga kulihitaji meza iliyonyooka, na meza yetu ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Baba akang'oa mlango wa chumba changu, akaulaza juu ya matofali sebuleni. Mimi nikapewa pazia. Juu ya mlango alitandaza mchoro, juu ya mchoro akatandaza nailoni ili gundi isishike, na kila kijiti tulikilaza juu ya mstari wake tukakibana kwa miiba ya mgunga, kwa kuwa pini hatukuwa nazo. Maelezo yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua Kigera nzima. Tulifuata picha. Mpira wa kuzungusha pangaboi ulikuwa umekauka unakatika kama tambi, baba akakata utepe mwembamba kwenye tyubu ya baiskeli, vilevile watu wanavyokata wa manati.

Siku zile, wasomaji wangu, ndizo nazitamani kuliko zote nilizopewa. Baba alirudi kutoka kazini ananuka nyasi na jua, ananawa, tunakula sato wetu, kisha tunakaa mimi upande wa kushoto wa mlango na yeye kulia. Tulikuwa hatuongei sana. Alipumua kwa pua anapounga kijiti, sauti ndogo ya filimbi, nami nikimwiga bila kujua.

Lakini kazi haikuisha. Nilikuwa naacha bawa limekamilika asubuhi, nikitoka shule nalikuta limefumuliwa, vijiti vimerudi kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu viachane na gundi.

"Nimemfungua. Hakukaa sawa."

"Baba! Alikaa sawa!"

"Polepole ndio mwendo, Wakuru. Wenye ndege hawafanyagi haraka."

Nilikasirika mpaka nikalia. Mkia ulijengwa ukabomolewa. Bawa la kushoto lilibomolewa mpaka vijiti vikaanza kuota manyoya. Nilimwona baba yangu kuwa fundi mbovu anayejitahidi, nikamwonea huruma.

Wakati huo darasani tulikuwa tumefika kwenye ngeli. Mwalimu alituandikia ubaoni kwamba ndege mwenye damu ni *huyu* na ndege ya abiria ni *hii*. Ndege huyu ameruka, ndege hii imeruka. Nilishtuka, kwa sababu baba alisema huyu kwa zote mbili. Kwake yangeyange alikuwa huyu na ndege ya Mwanza ilikuwa huyu, huyu amechelewa leo, huyu anaumwa tairi. Nilikimbia nyumbani kumsahihisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu wako amewahi kusimama mbele yake akitua?"

"Hapana."

"Basi asiniambie hana damu."

Sikukubali. Nikawa askari wa ngeli ndani ya nyumba. Kila alipokosea nilimrekebisha, na yeye kila siku alikosea.

Mahindi yalikomaa kweli. Shangazi akaja kutoka Bunda, kibegi kimoja begani, akakaa kwenye kiti akautazama mlango wetu. Mifupa ya ndege yote ilikuwa juu yake, imebaki kuvishwa karatasi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, mikono imejaa gundi mpaka viwikoni, bado nina sare ya shule.

"Mama anauliza," shangazi akasema. "Ni bado tu?"

Baba aliweka chini kijiti alichoshika. Alikuwa ananitazama mimi, kichwa changu na yale mabutu.

"Huyu bado," akasema.

"Hii, baba!" nikaruka. "Hii bado!"

Sikuelewa kwa nini hakuna aliyecheka. Shangazi aliinamisha uso akaanza kutafuta kitu kwenye kibegi, na baba akatoka nje kuitazama baiskeli isiyo na tatizo lolote. Ilinichukua miaka mingi, mpaka shangazi mwenyewe aliponiambia nikiwa mtu mzima na mimba yangu ya kwanza, kwamba siku ile kaka yake hakuwa anajibu habari ya ndege. Na ngeli yake ilikuwa sahihi kabisa.

Kesho yake baba alikwenda kazini mapema, na likizo yangu ilianza siku hiyo. Niliwaza, nikaona baba amekwama kwenye karatasi, anaogopa kuzichana, nami nimsaidie. Nikakoroga uji wa muhogo. Nikakata karatasi, nikapaka, nikavisha bawa la kulia, la kushoto, mkia, tumbo. Karatasi ikabaki imelegea na mikunjo kama soksi, lakini nilikuwa nimeona kwenye picha mtu akiinyunyizia maji, basi nikajaza maji mdomoni nikaipuliza, kama wapiga pasi wanavyopulizia shati. Ikalowa, ikanikatisha tamaa, nikaenda kuteka maji bombani. Niliporudi ilikuwa imekauka na kukaza kama ngoma. Niliigonga kwa kidole, ikalia. Sijawahi kufanya kitu kizuri namna ile tena, na nina watoto wawili.

Nilimngoja baba nimeinyanyua juu ya kichwa. Aliingia, akasimama na baiskeli nusu ndani nusu nje.

"Umemmaliza," akasema.

"Nimeimaliza!"

Aliweka baiskeli, akaja, akaizungusha mikononi akaitafuta kasoro. Nilimwona akitafuta. Alipitisha kidole kila ukingo, akaiinua upande wa jua, akaitazama kwa jicho moja. Kama kungekuwa na sehemu moja iliyopinda, naamini angeifumua yote mbele yangu. Haikuwepo. "Amekaa sawa," akasema, na jioni ile hakumaliza chakula chake.

Jumamosi tulikwenda kwenye uwanda ulio kati ya uzio wa uwanja na ziwa. Kwa mazoea baba aliwatimua kwanza yangeyange waliokuwa pale, anapiga makofi, nami namsaidia. Akazungusha pangaboi mpaka mpira ukajaa mafundo, akanipa mimi niirushe. Nikaiachia. Ilishuka kidogo, kisha ikajiinua yenyewe, ikakata kushoto, ikapita juu ya kichwa cha baba ikielekea majini, ikageuka na upepo wa ziwa ikarudi. Mpira ulikwisha nguvu ikiwa bado juu. Ikaendelea bila sauti, karatasi yake inapitisha jua, vijiti vyote vikionekana ndani. Nilikuwa napiga kelele nakimbia huku na huku. Baba alisimama mahali pamoja, mikono nyuma, akiifuata kwa macho mpaka ilipokaa kwenye nyasi. Nilidhani anahakikisha imetua vizuri, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Wiki iliyofuata tukapanda gari la Butiama. Nguo zangu zilikuwa nyingi kwa mtu anayekwenda kusalimia, nikamwambia baba hivyo, akasema bibi anapenda watu wasafi. Alirudi Musoma siku ileile. Nilimpungia mkono kwa haraka, binamu zangu walikuwa wameshika mkia wa ndege na niliogopa watauvunja. Waliuvunja mwezi uleule, nami sikulia sana. Kulikuwa na ng'ombe, na mawe makubwa ya kupanda, na bibi alinisuka nywele zikanyooka. Nilikaa Butiama mpaka nilipomaliza sekondari. Nililelewa vizuri, na baba hakuoa tena.

Sasa amelala kule kwao, karibu na mama yake. Watu huniuliza ninamkumbuka kwa lipi zaidi, nami huwaambia kwa ucheshi wake, kwa sababu ndilo jibu jepesi. Ninalolikumbuka ni Jumapili ya kwanza aliyokuja kunitazama. Alikuja na baiskeli kutoka Musoma, njia yote ile, shati limeloa mgongoni, na mkate kwenye mfuko. Nilimwona kwa mbali nikamkimbilia, nikampokea mfuko kama bibi alivyotufundisha, nikapiga goti kidogo nikasema, "Karibu, baba."

Alisimama pale uani. Akaliweka sawa shati lake.

"Nimekaribia, mwanangu," akasema.

Nikamtolea kiti cha wageni, nikamletea maji ya kunawa, nikamwekea chai kwenye kile kikombe chenye maua ambacho sisi wa nyumbani hatukuruhusiwa kukigusa. Bibi alinisifu, akasema mtoto ameshika adabu. Nilifurahi siku nzima. Sikujua bado kwamba mtoto hamwambii baba yake karibu, isipokuwa wameacha kukaa nyumba moja.